Redio ikianza vituko nyumbani, anzia kwenye betri

Ni saa nane usiku, nyumba nzima imelala. Ghafla redio iliyo juu ya kabati inawaka yenyewe na kuanza kuimba. Mtoto anaamka analia, baba anapapasa ukutani kutafuta swichi, na asubuhi jirani anashauri redio hiyo iombewe.

Redio hizi ndogo za kidijitali, zenye kioo cha namba, sehemu ya flashi na memori kadi, zimeingia katika nyumba nyingi za Babati. Bei yake inabebeka, zinatumia umeme, sola au betri, na mama anaweza kupika huku anasikiliza. Zina vituko pia: zinawaka zenyewe, zinazima katikati ya taarifa ya habari, zinakoroma, au zinakataa kubadili stesheni.

Vingi kati ya vituko hivi havihitaji fundi. Kabla hujaipeleka redio sokoni au kumwachia kijana wa nyumbani aifungue kwa bisibisi, fuata hatua hizi. Hatua moja inahusu usalama wa mtoto wako, usiiruke.

Kwanza, tuelewane kuhusu neno "dijitali". Uhamaji ulioanza Dar es Salaam Desemba 31, 2012 ulihusu televisheni. Stesheni zetu za redio bado zinasikika kwa FM kama zamani. Kilicho cha kidijitali katika redio yako ni namna ya kutafuta stesheni, saa na kumbukumbu. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, na hiyo ndiyo yenye vituko vingi.

Inawaka usiku yenyewe

Hii mara nyingi ni alamu, na tatizo ni hesabu ya saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, lakini redio inahesabu kuanzia saa sita usiku. Ukitaka ikuwashie taarifa ya habari ya saa mbili usiku kisha ukaweka 2:00, umeiagiza iwake saa nane usiku, nayo inatii.

Kwa saa za asubuhi na mchana, ongeza sita: saa moja asubuhi ya kumwamsha mwanafunzi ni 7:00. Kwa saa za jioni, kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20:00. Kwa alfajiri, punguza sita: saa kumi na moja ni 5:00. Kama kioo kinaonyesha AM na PM, saa mbili usiku ni 8:00 PM.

Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika na betri ikiwa imeisha, saa ya redio nyingi hurudi sifuri. Alamu inaweza kubaki, lakini italia wakati usio wake. Rekebisha saa kwanza, ndipo uangalie alamu. Kama huitaki, izime. Kwenye kioo alama ya kengele itaondoka.

Inazima katikati ya kipindi

Angalia kama kuna kitufe kilichoandikwa "sleep". Mtoto akikibonyeza, redio itajizima baada ya muda uliopangwa, mara nyingi kati ya dakika 15 na 90.

Kama si hicho, punguza sauti. Redio ikidumu kwa sauti ndogo na kuzima ukiiongeza, betri imechoka. Sauti kubwa inavuta umeme mwingi kwa mara moja, betri dhaifu inashindwa, na kompyuta ya ndani inazimika. Betri hiyo hiyo bado inaweza kuwasha kioo, ndiyo maana wengi hudhani redio imeharibika.

Vitufe havijibu, au haikamati stesheni

Angalia kioo. Ukiona alama ndogo ya kufuli, vitufe vimefungwa. Bonyeza kile chenye alama hiyo kwa sekunde chache. Kama kuna memori kadi au flashi ndani, redio huenda iko upande wa nyimbo wala si FM. Chomoa kadi, au bonyeza "mode" mpaka uone namba kati ya 87.5 na 108.

Ikiwa bado imeganda, zima, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Iache dakika tano, rudisha betri, washa. Hii inaisafisha kumbukumbu ya muda ya kompyuta ya ndani. Stesheni ulizohifadhi zinaweza kupotea, utazitafuta upya.

Inakoroma na kuchanganya sauti

Chomoa redio kwenye umeme, itumie kwa betri tu. Kelele ikiisha, chanzo ni chaja au umeme. Kelele ikibaki, zima taa za LED moja baada ya nyingine, chomoa chaja za simu, kisha sogea mbali na mashine ya sola. Vifaa hivi hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na redio inausikia mchezo huo, hasa kwenye AM na masafa mafupi.

Kama kelele haihusiani na umeme, ni mahali. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima kama Kwaraa au ukuta mnene huyakinga. Vuta antena yote, weka redio karibu na dirisha, mbali na kabati la chuma na bati. Wakati mwingine kusogea hatua mbili kunatosha. Kama redio ina chaguo la "mono", lichague. Stesheni iliyo mbali husikika safi zaidi kuliko kwa "stereo".

Sasa fungua sehemu ya betri

Hapa ndipo afya inapoingia. Watoto wasiwe karibu unapofungua.

Ukiona unga mweupe au majimaji, betri zimevuja. Maji hayo yanaunguza ngozi na macho. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, zitoe, pangusa vyuma kwa kitambaa kikavu, kisha acha pakauke kabla ya kuweka betri mpya. Yakigusa jicho, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali.

Usichanganye betri mpya na kuukuu. Iliyochoka ndiyo inayovuja kwanza. Usizianike juani, usiziweke karibu na jiko, na mkataze mtoto kuzing'ata ili "zirudishe moto". Redio isiyotumika kwa wiki kadhaa itolewe betri.

Kama betri ni ile bapa ya kuchaji inayofanana na ya simu, iangalie kama imevimba. Iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa, kwa sababu inaweza kulipuka na kushika moto. Redio isichajiwe usiku juu ya godoro au chini ya mto.

Betri ndogo kuliko zote ndiyo ya hatari zaidi

Redio na sabufa nyingi huja na rimoti nyembamba. Ndani yake kuna betri ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2025 au CR2032. Rimoti ikigoma, watu huitoa betri hiyo na kuiacha mezani, na mtoto anaiona kama pipi.

Ikikwama kooni, unyevunyevu wa koo unaifanya ipitishe umeme, na kemikali inayotokea inaunguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili. Hata betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo.

Dalili ni kutokwa na mate, kukataa kula, kukohoa, kutapika au kulalamika kifua. Wapo watoto wasioonyesha dalili yoyote. Ukihisi tu kwamba amemeza, usingoje apate choo na usimtapishe. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei. Kwa wakazi wa Babati, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara ipo mjini. Sema wazi: "Nadhani amemeza betri." Bila kusema hivyo, dalili zinaweza kuchukuliwa kuwa mafua au kikohozi. Kama una rimoti au pakiti ya betri, ibebe.

Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, wataalamu wa sumu wanashauri apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi wakati yuko njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua, haiondoi betri, kwa hiyo usichelewe kuondoka nyumbani ukiitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Betri ikiingia puani au sikioni, nayo ni dharura. Usitie maji wala mafuta.

Leo jioni, kagua rimoti zote. Mfuniko usio na skrubu ufunge kwa gundi ya karatasi imara. Betri za duara zilizokwisha zizungushie gundi ya karatasi pande zote mbili, uziweke kwenye chupa yenye mfuniko, juu ambako mtoto hafiki. Usizitupe jikoni motoni wala shambani.

Na redio ikishatulia, weka betri mpya za akiba. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, Desemba 3, 2023, mkoa wetu ulijifunza jinsi hali inavyoweza kubadilika ndani ya asubuhi moja. Siku kama hiyo, umeme usipokuwepo na simu ikiisha chaji, redio inayofanya kazi ndiyo itakayokuambia uelekee wapi na watoto.