Robo, Sudusi na Salio la Shamba

Tuseme mwanamke amefariki. Ameacha mume, mama mzazi, mtoto wa kiume na wa kike, na shamba la ekari 36. Madeni yameshalipwa, wasia hakuandika. Katika mirathi ya Kiislamu mume ana robo, mama ana sudusi, na salio ni la watoto.

Mume akichukua 1/4, zinabaki 3/4. Sasa itolewe 1/6 ya mama. Mwanafunzi anayetoa juu kwa juu, chini kwa chini, ndogo katika kubwa, ataandika 2/2: warithi wawili wameshachukua chao na shamba bado zima! Robo na sudusi si vipande vya ukubwa mmoja, kwa hiyo kwanza shamba likatwe vipande sawa. Kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6 ni 12. Basi 9/12 kutoa 2/12 ni 7/12.

Aliyezidisha 4 kwa 6 hajakosea. Atapata 18/24 kutoa 4/24, yaani 14/24, kisha atagawanya juu na chini kwa 2 na kufika palepale. Ukipima ardhini, zote mbili ni ekari 21.

Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya dada yake: 14/36 na 7/36. Sehemu ya kwanza hurahisishwa kuwa 7/18, lakini mgawaji mzoefu huiacha ilivyo, na hapo anafanya vyema. Mume 9, mama 6, kaka 14, dada 7: kila mrithi anaona fungu lake likilinganishwa na la mwenzake bila kupiga hesabu upya.

Mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa ni sita tu: 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6. Asili (idadi ya vipande sawa) ya 24 huyatosha yote. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya mirathi na wasia.

Kuna mahali kutoa kunagoma. Marehemu akiacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, bila mtoto wala mzazi, mafungu ni 3/6 na 4/6. Jumla ni 7/6. Masunni husimulia kwamba suala hilo liliamuliwa zama za Khalifa Umar: asili ikapandishwa kutoka 6 hadi 7, mume akapewa 3/7, dada 4/7, na kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano uleule.