Maji ya Bustani Yasinywewe na Jua

Mama atokaye kisimani na debe la maji kichwani hana budi kuamua: ayapikie, ayafulie, awaogeshee watoto, au aunyweshee mchicha? Wakati wa kiangazi mchicha ndio hushindwa kwanza, na watoto hubaki na ugali mtupu. Hata hivyo, bustani nyingi hazifi kwa uhaba wa maji peke yake. Hufa kwa sababu maji yaliyoletwa kwa taabu hunywewa na jua kabla ya kufika mizizini.

Tuchukue mfano wa Dodoma. Mjini humo mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, nayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, familia nyingi zimewasili kutoka mikoa yenye neema ya mvua. Zimekuja na desturi zao za kulima, mojawapo ikiwa tuta lililoinuka. Mwandishi wa makala hii naye aliyachonga yake yakanyooka kama rula, na mchicha wake wote ukanyauka. Tuta hilo lafaa Bukoba, ambako maji ya ziada hayana budi kuondolewa. Penye ukame hukausha udongo upesi.

Yafaa basi kufanya kinyume. Chimba kitalu kilichozama kiasi cha kina cha kiganja, uchanganye udongo na samadi iliyooza. Kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kugusa mashina. Mwagilia alfajiri au jioni. Kumwagilia kwa kushibisha mara chache hupeleka mizizi chini. Kunyunyiza kidogo kila siku huiacha juu, kwenye joto.

Mtungi wa udongo nao ni msaada mkubwa. Uzike hadi shingoni, uujaze maji na kuufunika. Maji yatapenya polepole hadi kwenye mizizi ya mimea iliyouzunguka.

Maji ya kuoshea mchele yaende bustanini. Yale ya sabuni yapelekwe shinani mwa mpapai, si kwenye mboga za majani. Tena tujifunze kwa akina mama wa Kigogo, ambao hukausha mlenda wakati wa mvua ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu.

Ndugu msomaji, wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mvua ikirejea, kinga paani. Milimita 10 tu juu ya bati la mita 20 za mraba ni karibu lita 200, yaani madebe 10 ambayo hakuna mama atakayeyabeba kichwani.