Moto Chini ya Bahari

Leo twendeni pamoja mpaka El Hierro, kisiwa kimoja cha Visiwa vya Kanari vya Hispania, magharibi ya Afrika. Kisiwa hiki chote kilijengwa na volkano. Zamani mawe yaliyoyeyuka yalitiririka hadi baharini, yakapoa upesi, yakapasuka, na kuacha mapango na nyufa nyingi.

Je, mtu akizamia huko, mtungi wa hewa mgongoni, huona nini? Huona majabali meusi, na kila ufa una mwenyeji wake. Mkunga huchungulia nje, chewa hukaa kivulini, na pono hukwangua mwani juu ya mawe. Samaki wadogo hujificha humo wasiliwe. Mwaka 1996 bahari hiyo, karibu na kijiji cha La Restinga, ilifanywa hifadhi, na uvuvi ukawekewa masharti.

Lakini Oktoba 2011 volkano ililipuka chini ya bahari, kusini ya kijiji. Maji yakageuka rangi, yakawa makali kwa asidi, na oksijeni ikapungua. Samaki wakaelea wamekufa. Wanakijiji wakahamishwa, uvuvi ukasimama, wazamiaji wakakaa bure. Sote twaweza kuelewa hofu ya mzazi ambaye chakula cha watoto wake hutoka baharini.

Mlipuko ulikoma Machi 2012. Volkano ile, ambayo sasa yaitwa Tagoro, ilikuwa imemwaga majini chuma na virutubisho vingine. Hivyo ni chakula cha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huliwa na wadudu wa baharini, nao huliwa na samaki. Basi samaki wakaja tena kutoka sehemu zisizodhurika, na haikupita miaka mingi wazamiaji wakarudi kwenye majabali ya kale. Tagoro yenyewe hawaifikii, maana kilele chake ki karibu mita 90 chini, nao kwa kawaida huishia mita 40.

Tunajifunza nini? Majabali yanayowahifadhi samaki leo, nayo yalikuwa moto hapo zamani. Hata hivyo, ndugu zangu, bahari haikupona kwa moto peke yake. Ilipona kwa sababu walisalia samaki wa kuzaa. Avuaye wote leo, kesho atapata wapi mbegu?