Rafiki wa Watoto Anapogeuzwa Zimwi

Kijana mmoja wa hapa mtaani, mchoraji wa katuni za kompyuta, alitujia baada ya Swala ya Alasiri na swali lililomkosesha raha. Amepata kazi yenye malipo mazuri. Mteja aliye ng'ambo, ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana, anataka achukue vikaragosi vipendwavyo na watoto, avigeuze viwe vya kutisha, kisha avitie mwendo katika filamu fupi fupi za mtandaoni. Kazi anaiweza. Asilolijua ni iwapo chumo lake litakuwa na baraka.

Tulimwomba kwanza atuonyeshe kazi yenyewe, maana si uadilifu kulitolea neno jambo usilolijua. Akafungua Blender, programu ambayo hutolewa bure, akatuonyesha sungura aliyemchora kwa majaribio. Tulidhani kutisha ni kuongeza damu na meno. Kumbe hatua ya mwanzo ni kuamua kipi kisiguswe. Rangi na umbo la jumla hubaki vilevile, kwani mtoto asipomtambua rafiki yake, hakuna kitisho. Kisha mboni za macho hupunguzwa hadi kuwa kama ncha ya sindano katikati ya weupe. Kinywa huvutwa kupita mashavu, mikono ikarefushwa hadi magotini. Mwisho ni mwendo: kope hazipepesi, na shingo hugeuka ilhali mabega yametulia. Mjapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na mwanadamu bila kumfikia humtia mtu kinyaa cha ghafla. Yule sungura alipotugeuzia shingo tu, tuliyaamini maneno hayo.

Ufundi huu una soko kubwa. Kitabu cha dubu Winnie-the-Pooh, alichokiandika Mwingereza A. A. Milne mwaka 1926, kilitoka katika ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani tarehe 1 Januari 2022. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ambayo ndani yake dubu huyo ni muuaji. Watengenezaji walijihadhari asivae ile fulana yake nyekundu, kwa kuwa sura hiyo ingali mali ya Disney. Rafiki yake Tigger hakuwamo kabisa, kwa sababu aliingia katika hadithi hizo mwaka 1928 na muda wake ulikuwa haujafika. Basi sheria ilihesabiwa mwaka kwa mwaka na nguo kwa nguo. Usingizi wa mtoto haumo katika hesabu hiyo.

Filamu ile, angalau, ilitangazwa kuwa ya watu wazima. Lililotushughulisha zaidi ni lile linalojulikana kwa wazazi wenye televisheni, kwamba mtoto hufuata rangi kabla ya maana. Na mtandaoni udhaifu huo umefanyiwa biashara. Mwaka 2017 ilibainika kwamba YouTube ilikuwa na video nyingi zilizotumia sura za Elsa, Peppa Pig na Spider-Man katika visa vya mateso na hofu. Nyingine zilipenya hata katika programu yake iliyotengwa kwa ajili ya watoto. Kampuni ilifunga vituo vingi mwezi Novemba mwaka huo. Kisha mwaka 2021 ukaja mchezo wa kompyuta Poppy Playtime, na ndani yake Huggy Wuggy, mdoli wa buluu mwenye manyoya na safu za meno makali. Mchezo ni wa kutisha, lakini mdoli wake akauzwa madukani kama wanasesere wengine.

Hatusemi kwamba sisi tulilelewa bila hofu. Bibi zetu walitusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe wake. Lakini zimwi lilikuwa zimwi tangu neno la kwanza; hakuna aliyelala akilikumbatia. Bibi alikuwapo, akiyaona macho yetu, na sauti akaipunguza palipostahili. Na kidole cha zimwi kilipokatwa, watu walitoka wazima tukaenda kulala. Simu haimwoni mtoto aliyejifunika shuka, na video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe.

Wala dini yetu haikumkataza mtoto kuwaza ya ajabu. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bi Aisha (r.a.) farasi mwenye mbawa za kitambaa, akamuuliza habari zake. Bi Aisha akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman (a.s.) waliokuwa na mbawa, na Mtume akacheka. Katika kitabu hichohicho imo habari ya Masahaba waliokuwa safarini: mmoja alilala, wenziwe wakaichukua kamba yake, akaamka kwa fazaa. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Walikuwa watu wazima, na jambo lenyewe ni kamba.

Kuhusu hukumu ya kuchora viumbe kwa jumla, tulimwelekeza kijana kwa sheikh wake, kwani sisi si mamufti. Letu lilikuwa moja: amuulize mteja mtazamaji ni nani. Aliuliza. Jibu lilikuja usiku uleule, kwamba picha ya kwanza ya kila video ibaki na sura nzuri ya zamani, ili wadogo wabonyeze.

Mama yake, aliyekuwa akisikiliza, alisema kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi, kisha akanyamaza. Nasi hatukuwa na la kumwambia, maana lilikuwa neno la kweli. Kijana alimwandikia mteja kwamba yuko tayari kumchorea hadithi ya kutisha yenye mazimwi mapya, kwa watu wazima, na jina lake liandikwe wazi. Hadi tunapeleka gazeti mitamboni, hajajibiwa.