Deni Lililofutwa Bado Linadaiwa

Kila bonasi ya chai ya KTDA inapokaribia, wahasibu wa Kericho na Bomet huulizwa swali lile lile: "Nikilifuta hili deni vitabuni, si nitakuwa nimemsamehe?" Muulizaji ana duka Litein au Mogogosiek, na daftari la majina ya wakulima wa chai waliochukua unga na sukari kwa ahadi ya bonasi. Bonasi ikaja, ikapita. Majina yangalipo, na kila mwisho wa mwaka yanajumlishwa kama mali ya duka.

Hajasamehewa mtu.

Kufuta ni maandishi ya mwenye duka katika vitabu vyake mwenyewe; mdaiwa hana hata haja ya kuarifiwa. Haki ya kudai ilizaliwa siku unga ulipotoka dukani, na kalamu ya mhasibu haiigusi. Tazama Sacco zinazopokea amana: kanuni za msimamizi wao, SASRA, zinazitaka kutenga asilimia 100 ya mkopo uliochelewa zaidi ya siku 360, yaani wote uhesabiwe hasara. Wadhamini huachwa? Aliyewahi kumdhamini shemeji anajua jibu.

Kinachoua deni ni kukaa kimya. Sheria ya Kenya humpa mdai miaka 6 kufungua kesi ya deni la mkataba, na mdaiwa akilipa hata shilingi 500 ndani ya muda huo, hesabu huanza upya. Kichekesho ni kwamba anayekataa kufuta "asije akasamehe" ndiye mara nyingi huacha miaka hiyo iyoyome huku akijivunia daftari nono. Tuseme anadai 300,000, na 80,000 kati yake ni za tangu 2022. Atapanga kununua mzigo kwa mtaji wa 300,000, kisha ashangae muuzaji wa jumla akitaka pesa taslimu.

La kufanya, basi. Panga madeni kwa umri. Yenye shaka yatengewe fungu. Yasiyotarajiwa kulipwa yaandikwe gharama, yatolewe katika hesabu ya wadaiwa, na orodha yake iwekwe kando. Mtu akilipa baadaye, ingiza kama mapato. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kwa kodi ya mapato, ili gharama hiyo ikubalike, mamlaka ya mapato (KRA) itataka ushahidi kwamba njia zote za busara za kudai zilijaribiwa. Anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 asisumbuke: kodi hiyo haikatwi gharama yoyote, deni bovu likiwemo.