Saa Moja Sakafuni

Mwaka 1940 na 1941, mabomu ya Ujerumani yakiinyeshea London, daktari Eric Bywaters alipokea majeruhi waliomtatiza. Walifukuliwa kwenye vifusi wakiwa wanazungumza vizuri, mguu tu ndio uliobanwa kwa saa kadhaa. Baada ya siku chache figo zao ziligoma, wakafa. Uchunguzi wake, na wa waliomfuata, ulifichua chanzo: msuli uliokandamizwa hufa, na seli zake zikipasuka humwaga kwenye damu potasiamu na protini iitwayo mayoglobini. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo. Mayoglobini huziba mirija midogo ya figo, na mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea.

Bibi wa miaka 85 aliyeanguka kati ya kitanda na mlango hahitaji kuangukiwa na ukuta ili yampate hayo. Uzito wake mwenyewe juu ya sakafu ngumu unatosha, na baridi na kiu huongezea. Utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia watu waliokutwa majumbani mwao wakiwa hawajiwezi au wamekwisha kufa. Waliokadiriwa kukaa katika hali hiyo kwa zaidi ya saa 72, asilimia 67 walifariki. Waliokaa chini ya saa moja, asilimia 12.

Kwa sababu ya hatari hiyo, Ujerumani, tangu miaka ya 1970, kuna Hausnotruf: kidani chenye kitufe, kinachotuma mawimbi ya redio hadi kisanduku cha simu chenye spika, nacho huunganisha na kituo kinachopokea simu usiku na mchana. Bima ya matunzo huchangia euro 25.50 kwa mwezi, lakini kwa masharti. Mwombaji awe amepewa angalau daraja la kwanza kati ya madaraja matano ya utegemezi. Hali yake iwe ya kutarajia dharura wakati wowote. Na awe anaishi peke yake, au hubaki peke yake sehemu kubwa ya siku. Hata mwenye mwenzi anaweza kukubaliwa, iwapo mwenzi huyo hawezi kupiga simu ya msaada, tuseme kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau. Hapo sheria imeona mbali: upweke haupimwi kwa idadi ya vitanda. Kwenye daraja ndipo ninaponuna, kwani mzee mkakamavu ambaye hajawahi kukaguliwa hulipa mwenyewe, na anguko la kwanza halisubiri mkaguzi.

Lakini kustahili ni jambo moja, kubonyeza ni jingine. Huko Cambridge, Jane Fleming na Carol Brayne waliwafuatilia watu wenye umri wa zaidi ya miaka 90, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Wengi walikuwa na kitufe. Walipoanguka peke yao wakashindwa kuinuka, mara nyingi hawakukitumia. Kuna ambao hawakuwa wamekivaa, na kuna waliotaka kujiinua bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo sharti ninaloliona la busara kuliko yote liko Australia, katika jimbo la Victoria, ambako huduma ya serikali ya vitufe kama hivi humtaka mwombaji akubali kukivaa kitufe chake muda wote.

Vidani vipya hujaribu kubonyeza vyenyewe. Kihisi cha mwendo husubiri mfuatano: mwili kushuka kwa kasi, kishindo, kisha utulivu. Anayeteleza polepole kutoka kitini hatoi kishindo, na kihisi kinaweza kudhani ameketi tu.