Kwa Nini Mshukiwa Hafai Kuteswa Anapohojiwa

Mifugo inapoibwa au mtu anapouawa mtaani, wapo wakazi wanaosema polisi wampige mshukiwa hadi aseme ukweli. Sheria ya Kenya inakataza jambo hilo kabisa.

Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Mojawapo ni haki ya kutoteswa wala kutendewa unyama. Inamlinda mwizi, gaidi na mtu asiye na hatia, hata wakati wa hali ya hatari.

Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaeleza mateso kuwa ni maumivu makali ya mwili au akili, yanayosababishwa makusudi na afisa wa umma au kwa idhini yake, kwa mfano ili mtu atoe habari au akiri kosa. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 25. Aliyeteswa akifa, mhusika anaweza kufungwa maisha. Afisa hawezi kujitetea kwa kusema aliagizwa na mkubwa wake.

Eneo letu linayajua mateso hayo. Katika miaka ya 1950, wafanyakazi wa mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa walihojiwa kwa kipigo ili wakiri kula kiapo cha Mau Mau. Juni 2013, Uingereza ilikubali kwamba Wakenya waliteswa chini ya ukoloni, na kuahidi pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Uhuru haukuyamaliza. Februari 1987, Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alikamatwa na kufariki mwezi huohuo akiwa bado kizuizini. Julai 2010, Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa katika jumba la Nyayo, Nairobi, walipwe fidia.

Kipigo hakipimi ukweli. Anayeumia husema lolote litakalokomesha maumivu, hata kumtaja jirani asiyehusika, huku mhalifu halisi akiendelea kutembea. Tena, Kifungu cha 50 kinataka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, ikiwa kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Hivyo hata mwenye hatia anaweza kuachiliwa, na familia iliyotendewa uovu ikakosa haki yake.

Kukiri kosa kunakokubalika kuna utaratibu wake. Mshukiwa anapaswa kukiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo. Mbele ya afisa huyo, mshukiwa lazima awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Jamaa yako akikamatwa, kumbuka haya:

• Ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza na kuwasiliana na wakili.

• Anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama muda huo ukiisha korti imefungwa.

• Akiwa ameumizwa, amweleze hakimu mara anapofika kortini.

• Atibiwe haraka na majeraha yaandikwe. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini hospitali za umma za Nakuru ni za kaunti. Daktari hujaza fomu ya P3, ambayo ni ushahidi muhimu. Hifadhi nakala.

• Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR). Huhitaji wakili ili kulalamika.

Mkazi aliyeibiwa na mkazi aliyeshukiwa wote wanahitaji kitu kimoja: uchunguzi utakaompata mhusika wa kweli. Kipigo hakiwapi.